Tafakari ya Wiki: Jina Likishatajwa



Wiki hii hatutaanza na masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tutaanza na karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa kanisa la kigango, karatasi ya ratiba ya sala za Jumuiya Ndogo Ndogo. Kila anayezijua jumuiya zetu anajua kwamba sala huzunguka nyumba kwa nyumba: Alhamisi hii kwa fulani, Alhamisi ijayo kwa jirani yake, mpaka mzunguko ukamilike. Tulipoisoma ratiba ile tuliona kwamba baada ya nyumba ya nne inafuata ya sita. Tulimwuliza mwenyekiti wa jumuiya kulikoni. Akatazama chini, akasema, "Baba Paroko, ni mambo ya mpangilio tu."

Nyumba ya tano ni ya mjane mmoja mzee. Alibatizwa enzi za wamisionari wa Maryknoll, na kwa miaka mingi ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vya altare vya kigango. Kigango chenyewe kiko kati ya Musoma na Bunda, na zaidi ya hapo hatutasema. Jina la mama huyu nalo hatutaliandika, kwa kuwa limekwisha kutajwa kupita kiasi.

Kisa ni hiki. Mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tatu, aliugua homa kwa muda wa juma moja na nusu. Zahanati walimpima, wakamkuta na malaria, wakampa dawa, akapona. Lakini katika homa ile alisema usingizini kwamba amemwona bibi huyo amesimama kando ya kitanda chake. Mama wa mtoto alimsimulia dada yake, dada akasimulia bombani, na kufikia siku ya mnada ndoto ya mtoto mgonjwa ilikuwa imekwisha kuwa ushahidi. Hakuna aliyesimama kumshtaki mama yule. Hilo ndilo linalotisha. Watu waliacha tu kununua dagaa wake. Walianza kupita njia ya juu badala ya ile inayokatiza mbele ya mlango wake. Waliiruka nyumba yake katika ratiba ya Mungu. Na mara mbili, usiku, mawe yalianguka juu ya bati lake.

Sasa tuseme na kosa letu. Ratiba ile tuliisoma majuma matano yaliyopita, na katika majuma hayo matano hatukufanya lolote. Maandalizi ya Kipaimara yalikuwa yamepamba moto, Baba Askofu alikuwa anatarajiwa, na tulitaka kigango kionekane kimetulia. Tulijiambia kwamba mambo ya namna hii hupoa yenyewe yakiachwa. Kwa lugha nyepesi, tuliogopa kwamba jina la parokia litachafuka; basi tukaliacha jina la mjane lichafuke badala yake.

Kilichotuzindua ni kitabu cha zamani. Tulipokuwa seminarini tulisoma tamthilia ya Mmarekani Arthur Miller, The Crucible, iliyochezwa mara ya kwanza New York mwezi Januari 1953. Jina lake maana yake ni kalibu, kile chombo cha kuyeyushia dhahabu mpaka takataka zijitenge. Wachimbaji wetu wa Buhemba hawahitaji maelezo zaidi. Juma lililopita tulikitoa rafuni kwa sababu vijana wa VIWAWA walituomba mchezo wa kuigiza. Tulikaa nacho mpaka usiku wa manane, na vijana bado wanasubiri mchezo wao.

Tamthilia hiyo inasimulia yaliyotokea katika kijiji cha Salem, koloni la Massachusetts, mwaka 1692. Wasichana wanafumaniwa usiku wakicheza ngoma msituni, jambo ambalo katika jamii ile ya Waprotestanti wakali lilistahili viboko. Mmoja wao analala asiamke. Wakubwa wanaulizana kuna nini, na wasichana, wakiokoa ngozi zao, wanagundua jibu ambalo kila mtu yuko tayari kulisikia: tumerogwa. Wa kwanza kutajwa ni Tituba, mtumwa, mtu asiye na wa kumtetea. Anatishwa, anakiri, na katika kukiri anataja wengine. Wasichana wanadaka majina hayo na kuongeza ya kwao. Wanaanza na ombaomba na mwanamke asiye na sifa njema, yaani wale ambao hakuna atakayeshangaa. Baadaye wanapanda ngazi, hadi Rebecca Nurse, bibi mcha Mungu ambaye kijiji kizima kilimheshimu. Mahakama inakubali kama ushahidi kwamba mzuka wa mshtakiwa umeonekana. Ndoto inasimama kizimbani, wala hakuna wa kuihoji.

Miller alibadili baadhi ya mambo, na si vibaya msomaji akajua. Abigail, kinara wa wasichana, ambaye katika tamthilia ni msichana aliyewahi kuzini na mkulima John Proctor, kwa kweli alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na Proctor alikuwa mzee wa karibu miaka 60. Lakini vifo si vya kutungwa. Watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Wengine walifia gerezani. Tena kulikuwa na utaratibu wa ajabu: aliyekiri kuwa mchawi aliachwa hai, aliyekana alinyongwa. Uongo ulikuwa ndio mlango wa kutokea.

Tuliposoma ujanani tulimpenda Proctor, kama wasomaji wote. Safari hii jicho letu lilikwenda kwa mtu mwingine, naye ni mchungaji wa kijiji, Parris. Binti yake amelala kitandani hajitambui, naye baba mtu anawaza nini? Anawaza mimbari yake. Anawaza maadui alio nao katika kanisa lake na jinsi watakavyoitumia habari hii kumwondoa. Hofu yake ya kwanza si ya shetani wala ya kifo cha mtoto. Ni hofu ya watu watasema nini. Tukafunga kitabu kwa muda. Tulikuwa tumemwona paroko tunayemfahamu.

Huenda msomaji akasema: Baba, hayo ni ya Wazungu wa kale. La hasha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba katika mwaka 2013 pekee watu 765 waliuawa nchini mwetu kwa sababu ya imani za kishirikina, na 505 kati yao walikuwa wanawake. Mwezi Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, watu saba waliuawa kwa siku moja kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wazee. Kigoma kuna waganga wanaoitwa kamchape, kwingine huitwa lambalamba, wanaoingia vijijini kwa mapokezi na kuondoka baada ya kutaja majina. Nasi wa Kanda ya Ziwa tunazo hadithi zetu za macho mekundu. Bibi ambaye miaka hamsini amepuliza kuni mbichi, amebanika samaki katika tanuri la moshi, na mahali pasipo na miti amepikia kinyesi cha ng'ombe, anaambiwa uzeeni kwamba wekundu wa macho yake ni dalili ya usiku. Pafukapo moshi pana moto, wahenga walisema. Naam, ni moto aliotupikia.

Aidha, mara nyingi chini ya tuhuma kuna shamba. Katika tamthilia ya Miller, mzee Corey anamtuhumu tajiri Putnam kwamba anawatajisha majirani ili ardhi yao ipigwe mnada naye aweze kuinunua. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Nabothi wa Yezreeli na shamba lake la mizabibu, na mashahidi wawili wa uongo waliotafutwa na Yezebeli. Mjane asiye na mtoto wa kiume, mwenye ekari mbili karibu na maji, yuko katika hatari ambayo mwenye shamba la mawe hayuko nayo. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyo katika kisa chetu, kwa maana hatujui, na kumtuhumu mtu pasipo kujua ndilo kosa lenyewe tunalolizungumzia.

Kila tunapofika hapa, awe mzee wa Halmashauri ya Walei au kijana wa Kipaimara, kuna anayenyoosha mkono: "Kwani Padre, wewe unasema uchawi haupo?" Swali hili tumelijibu mara nyingi kwa hotuba ndefu, na hotuba zetu hazijamwokoa bibi hata mmoja. Siku hizi tunajibu kwa mkato. Kanisa linakataza uganga wa kupiga ramli na kila jaribio la kutumia nguvu za giza, na mwenye kufanya hivyo atubu. Lakini swali lililo mbele yetu si kama uchawi upo. Swali ni hili: je, wewe uliyesema fulani ni mchawi, unajua? Uliona? Au ulisikia bombani? Kama hujui na ukasema, umevunja amri ya nane, awe mchawi yupo duniani au hayupo. Katekisimu inafundisha wazi kwamba kila mtu ana haki ya heshima ya jina lake, na kwamba anayeliharibu kwa masengenyo au masingizio anawiwa kulitengeneza, hata kama ameshasamehewa kitubioni. Sheria ya nchi nayo, Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na ambayo ingali katika vitabu vyetu, haimkabili mchawi peke yake; inamkabili pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi bila kupeleka shauri kwenye mamlaka.

Tunayo methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunaiheshimu hekima ya wazee wetu, lakini methali hiyo ikiingizwa katika kesi ya mwanadamu inakuwa kiboko. Kwa kutumia methali hiyo hakuna mtu awezaye kuthibitisha kwamba hana hatia.

Tukumbushe jambo lililotokea ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera wa leo, wasichana watatu walianza kucheka bila kujizuia. Kicheko kikaambukiza wengine, kikichanganyika na kilio na kuhangaika, mpaka wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, na mwezi Machi shule ikafungwa. Hali hiyo ilisambaa hadi vijiji na shule nyingine. Waganga wa hospitali walikwenda, wakapima damu, wakachunguza chakula, wasipate sumu wala kijidudu. Wakaandika katika jarida la kitabibu mwaka 1963 kwamba ni mtikisiko wa nafsi unaoenea kwa kuambukizana. Wasichana wa Salem na wasichana wa Kashasha hawakutofautiana sana. Salem wakubwa waliuliza ni nani. Madaktari wa Kashasha waliuliza ni nini. Kwa tofauti ya neno moja, upande mmoja miti ya kunyongea ilisimikwa, upande mwingine watoto walirudishwa kwa wazazi wao wakapumzike.

Nchi yetu nayo iliwahi kuuliza ni nani, kwa nia njema. Mwezi Machi 2009, wakati ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa na kuchinjwa, serikali iliendesha kura za siri, kuanzia huku Kanda ya Ziwa. Kila mtu aliandika kwenye karatasi jina la anayemshuku na kulitumbukiza sandukuni. Tunaelewa uchungu uliozaa wazo lile. Watoto walikuwa wanakatwa viungo, wauaji walikuwa wanajulikana na majirani, na majirani walikuwa wanaogopa kusema mchana. Kura ya siri ilikusudiwa kuondoa hofu hiyo. Lakini karatasi isiyo na jina la mwandishi haiwezi kuulizwa swali. Ndani ya sanduku moja yalilala pamoja jina la muuaji, jina la mdai wa mkopo, jina la mke mwenza na jina la bibi mwenye macho mekundu, na yote yalikuwa na uzito mmoja.

Hapo ndipo Biblia yetu ya Kikatoliki inatupa kisa ambacho tunatamani kingesomwa katika kila baraza la kata, nacho ni kile cha Susana, katika sura ya 13 ya Danieli. Wazee wawili, waamuzi wa watu, wanamtaka mwanamke wa watu, anawakataa, nao, wakiogopa aibu, wanamsingizia uzinzi. Mkutano unawaamini kwa kuwa ni wazee na ni waamuzi. Jina lao lilitosha. Kijana Danieli hakuhubiri wala hakulia. Aliwatenganisha, akamwuliza kila mmoja peke yake aliwaona wazinzi chini ya mti gani. Huyu akataja mti huu, yule akataja mwingine. Kesi ikaisha. Swali dogo, la kawaida, la mtu anayetaka kujua kweli! Katika majuma matano yale hakuna aliyeuliza swali la namna hiyo kigangoni petu, na wa kwanza aliyepaswa kuliuliza ni sisi.

Salem nako maswali yalianza kuulizwa, ila yaligonga ukuta. Katika tamthilia, jaji Danforth anafikia mahali ambapo ushahidi unabomoka mbele yake. Abigail ametoroka na fedha za mjomba wake, watu wananung'unika, hata mchungaji Hale, aliyekuja na vitabu vizito vya kutambua wachawi, ameisusa mahakama. Wanamsihi aahirishe kunyonga. Anakataa, kwa sababu wengine wamekwisha kunyongwa kwa kosa lile lile, na kuahirisha sasa kungekuwa kukiri kwamba wale walikufa bure. Basi wafe na hawa, ili mahakama isionekane ilikosea. Hatujui ubaya unaozidi huo: kulinda jina la ofisi kwa shingo za watu.

Tunamweka kando yake Mtanzania mmoja. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha operesheni dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Lengo lilikuwa kuwalinda wazee. Lakini washukiwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao walifia mahabusu. Aliyekuja kuzima moto wa tuhuma alikuja na kiberiti chake. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa ameshika kiboko yeye mwenyewe, wala hakuna aliyesema hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendeka chini ya dhamana yake. Wakati ule wengi waliona jina lake limekwisha. Mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri, na alipofariki tarehe 29 Februari 2024 kujiuzulu kule kulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyokumbukwa kwa heshima. Sisi tuliosubiri Kipaimara kipite tuna la kujifunza kwa Mwislamu huyu.

Na kwa kuwa tuko Mara, hatuwezi kuacha kupita Butiama. Mwalimu Nyerere, aliyezikwa Mwitongo mwezi Oktoba 1999, na ambaye Jimbo letu la Musoma lilianzisha mchakato wa kuomba atangazwe mwenye heri, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wengi huikumbuka kwa hotuba kubwa za Bruto na Antonio. Sisi tunawaalika waende kwenye tukio fupi linalofuata hotuba hizo, ambalo katika shule nyingi hurukwa kama nyumba ya tano. Umati uliochochewa unakutana barabarani na mtu aitwaye Cinna. Miongoni mwa waliomwua Kaizari yumo Cinna. Huyu anajieleza kwamba yeye si yule, yeye ni mshairi tu. Hakuna anayejali, jina ni lile lile, naye anararuliwa. Kiongozi wa taifa changa, katika miaka ya kwanza ya uhuru, alikaa akatafuta maneno ya Kiswahili ya tukio hilo. Tunapenda kufikiri kwamba mtoto wa Chifu Burito, aliyekulia katika kijiji ambamo kila mtu humjua kila mtu, alijua vizuri jina linaweza kumfanya nini mwenye nalo.

Wala Kanisa letu tusilitoe nje ya kesi hii. Kitabu kilichotumika sana Ulaya kuwasaka wachawi kiliandikwa na mtawa Mdominiko, Heinrich Kramer, katika miaka ya 1480. Kitabu kilichopinga mateso hayo kwa nguvu kuliko vingi kiliandikwa na Mjesuiti, Friedrich Spee, mwaka 1631. Spee alionyesha kwamba kwa mateso yale mtu yeyote, hata askofu, angekiri uchawi. Lakini kitabu chake kilitoka bila jina la mwandishi. Hata mkweli yule aliogopa. Hatumlaumu, kusema alisema.

Turudi kwa Proctor, kwa maana mwisho wake ndio uliotutoa kitini. Anataka kuishi. Ana mke mjamzito na watoto. Anakubali kukiri uongo, anatia sahihi. Ndipo wanapomwambia kwamba karatasi ile yenye jina lake itapigiliwa kwenye mlango wa kanisa, kila mtu aione. Anaichana, na anakwenda kunyongwa. Alikuwa mwenye dhambi, tena dhambi yake aliikiri hadharani mbele ya mahakama; lakini jina lake asingeliacha liwe msumari wa kuwagongomea wengine. Miller mwenyewe, mwaka 1956, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akatakiwa ataje aliowaona mikutanoni. Alizungumza juu yake mwenyewe, wengine akakataa kuwataja. Mwaka 1957 alitiwa hatiani, na mwaka 1958 hukumu hiyo ikatenguliwa.

Kutengeneza jina lililoharibiwa huchukua muda mrefu. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa mmoja wa wasichana washitaki, alisimama kanisani huku ungamo lake likisomwa mbele ya waamini, akiomba radhi kwa damu isiyo na hatia. Waliosalia wa familia walilipwa fidia tangu 1711. Hata hivyo mwanamke wa mwisho aliyebaki na hatia vitabuni, Elizabeth Johnson, alisafishwa mwaka 2022, baada ya wanafunzi wa darasa la nane na mwalimu wao kulivalia njuga suala lake. Zaidi ya miaka mia tatu! Mjane wetu hana muda huo.

Jumatatu tulikwenda nyumbani kwake, mchana, kwa miguu, kwa kupitia ile njia inayokatiza mbele ya mlango wake. Tulikula ugali na dagaa wake. Tulimwomba radhi, naye akatujibu kwa upole uliotuumiza zaidi kuliko angetukaripia: "Baba, nilidhani na wewe umeambiwa." Dominika, kabla ya matangazo, tulisimama mbele ya waamini tukasema kwamba paroko aliona ratiba imeruka nyumba akanyamaza, na kwamba ratiba mpya iko mlangoni. Hatukumtaja mtu aliyeanzisha. Mama wa mtoto alitoka nje kabla ya baraka. Tutamtembelea yeye pia, kwa kuwa hofu ya mama juu ya mtoto mwenye homa si uongo, na ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuulizwa.

Alhamisi hii sala ni nyumba ya tano. Mwenyekiti amesema atakuwepo. Katekista amesema atakuwepo. Wengine wamesema wana msiba, wana mnada, wana nyavu za kushona. Jana mama alimtuma mjukuu wake parokiani na swali moja: apike chai ya watu wangapi? Tulimjibu apike ya watu 28, ambayo ni idadi ya jumuiya yake nzima, na sukari tumempa mjukuu aende nayo.